Uzi: Kinyago cha maiti Misri ya kale, "kichwa cha siri", na suala la kuhani mwenye kichwa cha mbweha

MchongaMwerezi (mleta uzi) #1

Wakuu, kuna vitu viwili vinachanganywa kila siku na picha za mitandaoni ndizo zinazidi kuvuruga. Kimoja ni kinyago anachovalishwa maiti. Kingine ni kinyago anachovaa kuhani aliye hai. Cha kwanza kimejaa kwenye makumbusho yote makubwa. Cha pili, ushahidi wake wote unaenea kwenye meza moja ya kahawa na bado ukabaki na pa kuweka kikombe.

Nianze na cha maiti. Kitazame kwa karibu: macho yamechorwa au yamepachikwa, hayakutobolewa. Pua haina tundu, mdomo umefungwa. Hakuna wa kuchungulia wala kupumulia humo, maana hakikutengenezwa ili mtu ajifiche nyuma yake. Wenyewe walikiita "kichwa cha siri". Sura ya 151 ya Kitabu cha Wafu, ule mkusanyiko wa maneno ya kichawi ya kumsaidia marehemu, ndiyo inayokihusu, na maneno yake yamechongwa nyuma ya kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, mgongoni na mabegani. Ukiyasoma ni kama orodha ya vipuri: jicho la kulia ni mashua ya usiku ya jua, la kushoto ni mashua ya mchana, nyusi ni Miungu Tisa, paji la uso ni Anubis (mungu wa maziko mwenye kichwa cha mbweha), kisogo ni Horus, nywele ni Ptah-Sokar. Kila kiungo cha kichwa kilichokufa kinabadilishwa na mungu. Anayeamka chini ya kinyago anaamka akiwa na kichwa kingine.

Hapo ndipo rangi zinapoeleweka. Iliaminiwa kwamba Ra, mungu wa jua, ana mifupa ya fedha, nyama ya dhahabu na nywele za lapisi lazuli, lile jiwe la buluu. Kwa hiyo wigi la kinyago ni buluu hata kama marehemu alikuwa na kipara, na uso ni dhahabu. Asiyemudu dhahabu alipakwa manjano, mambo yakaenda.

Historia kwa kifupi. Vya zamani kabisa tunavyovijua ni vya udongo, kutoka makaburi ya HK6 kule Hierakonpolis, karibu mwaka 3600 KK, vikiwa na matundu nyuma ya masikio ya kupitishia kamba. Enzi ya piramidi walipaka lipu moja kwa moja juu ya sanda ya uso na kuifinyanga sura ingali mbichi. Baada ya Ufalme wa Kale kuvunjika ndipo vikaja vinyago vya kitani na gundi, na kufikia Nasaba ya 12 kinyago kikarefuka mpaka miguuni, jeneza lenye umbo la mtu likazaliwa.

Na kwa hiyo ukisikia "hii ndiyo sura halisi ya marehemu", punguza sauti ya redio. Karakana zilikuwa na sura zao za kawaida. Mpaka enzi ya Warumi, zilipokuja zile picha za Fayum zilizochorwa kwa nta kwenye vibao vyembamba, hakuna aliyehangaika sana na kufanana.

Nyundo_Moto #2

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwa kuhani sikubaliani. Kaburi la Sennedjem pale Deir el-Medina, Anubis amesimama kabisa, mikono juu ya maiti kitandani. Mikono ya mtu, miguu ya mtu, kichwa cha mbweha. Huyo si kuhani aliyevaa kinyago ni nani? Vitabu vya watalii vyote vinasema hivyo.

Kwarara #3

Vitabu vya watalii vinakopiana, mkuu. Mchoro wa Sennedjem hauwezi kukujibu swali hilo, kwa sababu mchoraji wa Kimisri angemchora mungu na mtu aliyemvaa mungu kwa namna ile ile. Kwake mstari baina ya uso na kinyago haukuwa na kazi. Tena mandhari ile ni picha ya Sura ya 151 hiyo hiyo: chumba cha maiti, Anubis kitandani, miungu wa kike Isis na Nephthys kichwani na miguuni, wana wanne wa Horus pembeni. Ni mpango wa ulinzi wa kichawi. Usiusome kama picha ya karakana.

Ushahidi wenyewe wa vinyago vya kuvaliwa ni huu.

Kimoja kipo Hildesheim, Ujerumani. Kichwa cha Anubis cha udongo wa kuchoma, cha baada ya mwaka 600 KK hivi, uzito karibu kilo 8. Kimekatwa pembeni kikae mabegani, na chini ya pua, pale shingoni, kuna matundu mawili ya kuchungulia. Macho ya mbweha yenyewe yako juu ya kichwa cha mvaaji. Sasa hapo wataalamu wanagawanyika: wapo wanaosema kilivaliwa, wapo wanaosema ni kalibu tu ya kutengenezea vinyago vyepesi vya kitani. Binafsi naona udongo wa kilo 8 mabegani, kwenye hema la joto, huku umeinamia maiti, ni adhabu. Kalibu inaniingia akilini zaidi, ingawa matundu ya macho hayana kazi kwenye kalibu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Cha pili ni mchoro wa kuchonga kwenye hekalu la Hathor kule Dendera, enzi za mwisho. Kuhani ameonyeshwa kana kwamba kinyago ni kioo: kichwa cha mbweha nje, uso wa mtu ndani, na mbele yake mwenzake anamwongoza. Kumwongoza maana yake haoni vizuri. Mchongaji aliijua hali hiyo. Lakini hayo ni maandamano ya hekalu. Hakuna maiti anayefungwa pale.

Cha tatu kipo Louvre, kichwa cha mbweha cha mti chenye taya linalochezacheza. Hicho inasemwa kilitumika kusemesha, kama sanamu inayotoa kauli ya mungu. Hakivaliki.

Cha nne hakihusu mazishi kabisa. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alikipata mwaka 1889 kwenye mji wa wafanyakazi wa Lahun: kinyago cha kitani na lipu chenye sura ya Bes, mungu kibeti wa uzazi na nyumba, cha Nasaba ya 12. Sasa kipo Manchester. Hiki kina matundu ya macho, na kimechakaa na kukarabatiwa kwa lipu mpya zamani hizo hizo. Karibu nacho zilipatikana kayamba za pembe za kugonganisha. Hicho ndicho kinyago ambacho sina shaka hata chembe kwamba mtu wa Misri alikivaa akacheza nacho.

Nje ya Misri yapo ya Warumi. Mwaka 43 KK, wakati wa msako wa kisiasa, ofisa mmoja aitwaye Volusius alitoroka Roma amevaa kichwa cha mbwa cha waumini wa Isis. Walinzi wakampisha. Lakini hiyo ni Italia, dini iliyosafiri, miaka elfu na zaidi baada ya Sennedjem.

Kwa hiyo kauli salama ni hii: kinyago cha Anubis kilivaliwa kwenye maandamano enzi za mwisho. Kwamba kila mtu aliyepaka maiti dawa alikivaa kazini, hilo halijathibitishwa.

Nyundo_Moto #4

Nimekuelewa. Nilikuwa nimemezeshwa.

Ndanda_Kosini #5

Hayo matundu ya shingoni yasiwashangaze. Lipiko la Wamakonde, kinyago chao cha ngoma, nalo linakaa kichwani kama kofia ya chuma, na mchezaji anaonea mdomoni. Macho yaliyochongwa ni ya watazamaji. Mtu wa mapiko akikiona cha Hildesheim hatauliza kinavaliwaje.

Kwarara #6

Hoja nzuri sana. Ila tofauti ni uzito, lipiko ni mti mwepesi uliokombwa mpaka ukawa kama ganda. Nakazia pia neno: nasema "kinyago" kwa vyote viwili kwa sababu hatuna lingine zuri. "Barakoa" inaficha uso, na cha maiti hakifichi.

Bi Kitani #7

Naomba nirekebishe mpangilio, maana nimeona watu wanaandika kama kinyago kinavishwa kwenye ngozi. Kinakuja mwishoni kabisa, juu ya kichwa kilichokwisha kufungwa.

Siku 70 ni jumla ya shughuli yote, sawasawa na siku ambazo nyota ya Sothis hupotea angani kabla ya kurudi. Herodotus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, aliandika kana kwamba maiti inakaa kwenye magadi siku zote 70, na kosa hilo bado linatembea. Kukausha kunachukua kama nusu yake. Mwaka 1994 Bob Brier na Ronald Wade walijaribu Marekani kwa mwili uliotolewa kwa ajili ya sayansi: magadi makavu zaidi ya kilo 250, siku 35, chumba cha joto na hewa kavu. Ikakubali.

Kosa lingine ni kudhani walimlowesha kwenye beseni la maji ya magadi. Alfred Lucas, mkemia aliyefanya kazi na Howard Carter, yule aliyefukua kaburi la Tutankhamun, alilipinga hilo zamani. Magadi yanavuta maji kutoka kwenye nyama, sasa ukiyayeyusha kwenye maji yatavuta nini tena? Nyama inalainika, ngozi inachubuka, kucha zinang'oka. Makavu, ndani na nje: vifurushi vya kitani vyenye magadi vinajazwa tumboni, halafu mwili mzima unafukiwa.

Na magadi yenyewe ni haya haya tunayoyajua jikoni, kabonati na baikabonati ya sodiamu ikiwa na chumvi na salfeti kidogo. Yao yalitoka Wadi Natrun, kaskazini magharibi ya Cairo. Jina la Ziwa Natron letu la kaskazini mwa Tanzania linatokana na neno lile lile la Kimisri, lililopitia Kigiriki na Kiarabu kabla ya kubandikwa kwenye ramani.

Upasuaji ni ubavu wa kushoto. Diodorus, naye Mgiriki wa kale, anasema aliyepasua alikimbia huku wenzake wakimtupia mawe, kwa kuwa amemjeruhi mtu wao. Ini, mapafu, tumbo na utumbo vinatoka. Moyo unaachwa, kwa sababu ndio utakaopimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Ubongo unatolewa puani na kutupwa. Baada ya kukauka ni mafuta na utomvu, kisha kitani, kisha hirizi kati ya tabaka na tabaka, kisha kinyago.

Kuhusu mafuta: Saqqara, karibu na piramidi ya Unas, timu ya marehemu Ramadan Hussein ilifukua karakana ya Nasaba ya 26 ikiwa na vyombo vyenye maandishi, vingine vimeandikwa kabisa "cha kuweka kichwani". Kemia yake ilitoka kwenye Nature mwaka 2023. Mchanganyiko wa kichwani ulikuwa na elemi, utomvu wa mpistakio, mafuta ya nyonyo. Elemi ni utomvu wa miti ya misitu ya tropiki. Damari, utomvu mwingine uliopatikana pia pale, inatoka Asia ya Kusini-Mashariki. Na neno *antiu*, ambalo miaka yote tulilitafsiri manemane, kwenye vyombo hivyo lilikuwa mchanganyiko wa mafuta ya mwerezi, mreteni na shahamu ya mnyama. Mahali hapo hapo mwaka 2018 kilitangazwa kinyago cha fedha kilichopakwa dhahabu, cha kuhani. Mifupa ya fedha, nyama ya dhahabu, kama alivyosema mleta uzi.

msomaji_tu #8

Bi Kitani asante. Ile mitungi minne ya viungo, yule wa kichwa cha mbweha ndiye Anubis?

Bi Kitani #9

Siyo, na hata maelezo ya makumbusho huwa yanakosea. Huyo ni Duamutef, mmoja wa wana wanne wa Horus, analinda tumbo, naye analindwa na Neith. Imsety ana kichwa cha mtu, ini, yuko chini ya Isis. Hapy ni nyani, mapafu, Nephthys. Qebehsenuef ni kozi, utumbo, Serqet mwenye nge kichwani. Anubis hana mtungi, yeye ni msimamizi wa kazi yote.

Halafu vichwa vya wanyama kwenye vifuniko ni mtindo ulioshika kuanzia Nasaba ya 19. Kabla ya hapo vyote vinne vilikuwa na vichwa vya watu, hata vya Tutankhamun. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "mitungi ya enzi ya Tutankhamun" yenye nyani na kozi, mwache aende. Na kwenye Nasaba ya 21 viungo vilirudishwa mwilini, lakini mitungi ikaendelea kuzikwa. Mingine haina hata uwazi ndani, ni jiwe tupu.

Anubis mwenyewe ni mweusi ingawa mbweha wa kule ana rangi ya mchanga. Weusi ni wa ngozi iliyopakwa utomvu na wa tope la Nile. Na akiwa amelala juu ya sanduku ni Anubis, akiwa amesimama kwa miguu minne juu ya mlingoti mara nyingi ni Wepwawet, mfungua njia. Hiyo kanuni inakuokoa mara tisa kwa kumi.

Tezo_na_Randa #10

Nimesubiri mtu aguse ufundi, hakuna. Nami niweke mchango.

Kinyago cha kawaida, siyo cha mfalme, ni kitani na gundi ya ngozi, kisha lipu nyembamba ya chokaa na gundi, kisha rangi. Walikuwa na kiini cha udongo na majani makavu chenye umbo la kichwa na mabega. Kitani kilicholoweshwa gundi kikapangwa juu yake tabaka kwa tabaka, kikakauka, kiini kikatolewa. Kwenye majeneza ya Nasaba ya 22 ya aina hii, ambayo ni ganda moja kuanzia kichwa hadi miguu, mabaki ya udongo wa kiini bado yanaonekana ndani. Ganda lilipasuliwa mgongoni, mwili ukaingizwa likiwa bado lina unyevu linapindika, likafungwa kwa kamba kama kiatu, chini ya miguu kikawekwa kibao. Hapo ndipo presha ilipo. Likikauka mno kabla ya mwili kuingia, linapasuka mabegani. Likiwa na maji mengi, linabonyea usoni.

Rangi: manjano ya okra (udongo wa rangi) au ya orpimenti (madini ya manjano), nyekundu ya okra, nyeusi ya masizi, na ile buluu yao, iliyopikwa kwa mchanga, chokaa, shaba na magadi kwenye joto la nyuzi 900 hivi kwa saa nyingi. Ile buluu ina tabia moja ya ajabu: ukiimulika kwa mwanga wa kawaida na kuipiga picha kwa kamera ya infraredi, inang'aa nyeupe kama taa hata kama machoni imeshafifia. Ndivyo wahifadhi wanavyoipata iliyopotea.

Adui mkubwa wa kitu hiki ni unyevu. Gundi ya ngozi inarudi kuwa uji. Kinyago kilichokaa kwenye stoo yenye maji kinashuka taratibu kwa uzito wake mwenyewe, pua inazama kwanza, mashavu yanafuata, na lipu isiyojua kupinda inavunjika vipande.

Na jina langu la humu si bure. Sherehe ya Kufungua Kinywa ilifanywa kwa tezo, tezo hili hili la seremala, likiguswa mdomoni mwa maiti aliyesimamishwa mlangoni mwa kaburi. Asili yake ni karakana ya sanamu: sanamu ikimalizika kuchongwa inafunguliwa mdomo kwa kifaa kilichoichonga. Kwenye ukuta wa kaburi la Tutankhamun mrithi wake Ay amevaa ngozi ya chui na ameshika hilo tezo. Kwa hiyo mdomo wa kinyago unatengenezwa umefungwa, na unafunguliwa kwa ibada.

Nyundo_Moto #11

Sasa cha Tutankhamun kwa nini kinasemwa kilivunjwa na Carter?

MchongaMwerezi #12

Hakikuvunjwa, kilibanduliwa kwa tabu. Kina urefu wa sentimita 54 na uzito wa kilo 10 na kidogo. Waliozika walimwaga mafuta ya utomvu juu ya jeneza la ndani, Carter alikadiria kama ndoo mbili, na miaka zaidi ya 3,000 ikayageuza lami. Oktoba 1925 walipofungua wakakuta kinyago kimegandana na jeneza, na kichwa cha maiti kimegandana ndani ya kinyago. Wakajaribu jua la Luxor, halikuyeyusha. Kichwa kikatolewa kwa visu vilivyopashwa moto. Baadaye jeneza likageuzwa kifudifudi, likakingwa kwa mabati ya zinki, taa za mafuta ya taa zikawashwa chini kwa saa kadhaa mpaka vikaachana. Huo ni mfano wa kuzidisha dawa: utomvu uliokusudiwa kuhifadhi ndio ulioiunguza ile maiti na kuifanya iwe mbaya kuliko za wafalme wengine.

Ndevu zilikutwa zimeachana na kidevu tangu 1925, zikaunganishwa miaka ya 1940, zikatoka tena Agosti 2014 na kubandikwa haraka kwa epoksi. Epoksi ni ngumu kuliko mahali ilipobandika na haiyeyuki kirahisi, ndiyo kosa lenyewe. Mwaka 2015 timu ya Christian Eckmann na Wamisri ikaiondoa kidogo kidogo kwa vijiti vya mti, na ndevu zikarudishwa kwa nta ya nyuki. Nta inashika, na kesho ukitaka kuitoa inatoka kwa joto dogo.

Bi Kitani #13

Kuzidisha dawa mwenye nafuu ni Tutankhamun. Yupo Nesperennub, kuhani wa Karnak wa karibu mwaka 800 KK, aliyepo British Museum. Picha za skana zilionyesha bakuli la udongo mbichi kichwani chini ya sanda. Inaelekea liliwekwa kukinga utomvu unaotiririka, utomvu ukaganda, bakuli likang'ang'ania. Wakamfunga nalo. Ndugu zake hawakujua, na kwa miaka 2,800 hakuna aliyejua.

Nyundo_Moto #14

😂😂 Fundi akasema "funika hivyo hivyo".

msomaji_tu #15

Naomba kuuliza, ni kweli kuna vinyago vilivyotengenezwa kwa karatasi zenye maandishi?

Kwarara #16

Kweli. Enzi ya akina Ptolemaio, wafalme wa Kigiriki waliotawala Misri, badala ya kitani walitumia karatasi za mafunjo zilizokwisha kazi: risiti za kodi, barua, mashauri, hata kurasa za fasihi ya Kigiriki. Petrie alivikuta Gurob mwaka 1889 na 1890, na tangu hapo wataalamu wakawa wanaloweka vinyago kwenye maji ili kubandua maandishi. Tatizo ni kwamba ukishaloweka, kinyago hakipo tena. Umepata stakabadhi ya ngano, umepoteza uso wa mtu. Siku hizi njia za picha za mionzi mbalimbali zinasoma wino ndani bila kubomoa, polepole na kwa ukungu, lakini zinasoma.

Na kwa wanaofikiria kununua: tangu sheria namba 117 ya mwaka 1983 malikale ya Misri ni mali ya taifa. Cha kujifunzia ni kinyago cha Ka-Nefer-Nefer, kilichofukuliwa Saqqara mwaka 1952 na Zakaria Goneim. Kikaibukia Saint Louis, Marekani, makumbusho yakakinunua 1998. Misri ilidai, kesi ikaisha 2014 kwa misingi ya taratibu za mahakama, kinyago kikabaki Marekani.

Mzee_wa_Pwani #17

Nje kidogo ya mada. Hilo neno "mumia" ndilo mumiani la bibi zetu?

Kwarara #18

Shikamoo mzee. Ndilo. Kiajemi *mum* ni nta, *mumiyai* ni ile lami nyeusi ya dawa. Wazungu wa zamani waliamini maiti za Misri zimejaa lami hiyo, wakazisaga na kuziuza kama dawa, jina likahamia kwenye maiti. Kwetu pwani mumiani ilibaki kitu cheusi cha dawa kama utomvu, kisha ikageuka hadithi ya wanyonya damu.

Mzee_wa_Pwani #19

Marahaba.

Kisiwani_Arts #20

Tezo_na_Randa, kwa anayetaka kutengeneza nakala ya maonyesho ya jukwaani, vipimo vikoje?

Tezo_na_Randa #21

Gramu 100 za gundi ya ngozi kwa lita 1 ya maji baridi, iache usiku kucha ivimbe. Ukikosa, jelatini ya dukani isiyo na sukari, kipimo kile kile. Pasha sufuria ndani ya sufuria ya maji, isipite nyuzi 60 au 65. Ikichemka tu imekufa nguvu, nawe hutajua mpaka wiki inayofuata. Ukiwa pwani weka matone machache ya mafuta ya karafuu, vinginevyo itaoza kabla hujamaliza.

Kiini: udongo wa mfinyanzi na nyasi kavu zilizokatwa, ufunike kwa nailoni nyembamba. Kitani ni ghali, shuka kuukuu la pamba linatosha, lakini lifue kwa maji ya moto litoke wanga. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, usitumie kitambaa kimoja kikubwa, kitakunja puani. Tabaka sita, mbili kwa siku, mwelekeo wa nyuzi ubadilike kila tabaka. Likikauka, pasua nyuma kwa kisu kuanzia utosini kushuka, toa kiini, shona.

Lipu ni kikombe kimoja cha gundi ya moto kwa kikombe kimoja na nusu cha unga wa chaki. Nyunyiza unga uzame wenyewe, usipige kama unakoroga uji, utaingiza hewa na viputo vitaonekana vyote kama ndui. Mipako sita myembamba, msasa namba 240, umalizie na 400. Buluu: ile ya zamani ya kufulia nguo nyeupe ilikuwa ultramarini, ukiipata changanya na gundi hiyo hiyo. Cha kuvaliwa jukwaani kitobolewe macho kabla ya lipu, siyo baada. Na ujue ukishatoboa, hicho siyo tena kichwa cha siri, ni cha Bes.

Kisiwani_Arts #22

Asante sana fundi. Sasa lipu ikitoka nyufa kama utando wa buibui usoni, nirudie yote?

Tezo_na_Randa #23

Inategemea. Nyufa nyembamba za utando maana yake mpako wa juu una gundi kali kuliko wa chini, au umeanika juani. Hizo futa kwa msasa mpaka zipotee, pakaa tena kwa gundi uliyoipunguza kwa maji kidogo, kausha kivulini bila feni. Nyufa ndefu zinazofuata mshono au kingo za vipande, huo ni msogeo wa kitambaa, kiini kilitolewa mapema. Hapo paka gundi ya moto ndani, bandika tabaka moja zaidi la kitambaa kwa ndani, subiri siku mbili. Halafu gonga uso mzima kwa ukucha. Panapolia kavu pako sawa. Panapovuma, lipu imeachana na kitambaa, bandua hapo tu.

Kisiwani_Arts #24

Panavuma kidevuni na sikio moja.

Tezo_na_Randa #25

Bandua hayo mawili, uso uache.